Mapenzi ya Miaka 15 Katika Vita Ambavyo Havikutokea

Uingereza imevamiwa mara nyingi sana vitabuni. Mwaka 1871, Prussia ikiwa imetoka tu kuichapa Ufaransa, mwanajeshi mmoja aitwaye George Tomkyns Chesney alichapisha hadithi ya The Battle of Dorking. Humo, jeshi linaloongea Kijerumani linatua pwani ya kusini na kuwasambaratisha Waingereza kwenye vilima vya Surrey. Mwaka 1898 H. G. Wells akaleta wavamizi kutoka sayari ya Mars. Mwaka 1906 ikaja zamu ya William Le Queux na The Invasion of 1910, iliyotoka kwa vipande katika gazeti la Daily Mail. Inasimuliwa kwamba njia ya wavamizi ilibadilishwa makusudi ipite kwenye miji yenye wasomaji wengi wa gazeti. Biashara ni biashara.

Hadithi za Chesney na Le Queux zilikuwa na kazi maalumu: kuwatia watu hofu ili serikali iongeze askari na bunduki. Ndiyo maana zimejaa ramani, majenerali na hesabu za vikosi. Ukiuliza nani anapika, nani anakamua ng'ombe wakati mizinga inalia, au msichana wa miaka 15 anafanya nini siku nzima, hupati jibu. Watoto wamo kama mizigo, wanabebwa kutoka ukurasa huu kwenda ule.

Nimeanza huko mbali kwa sababu kitabu ninachotaka tukizungumze leo kimetoka kwenye ukoo huo huo, ila kimeugeuza juu chini. Ni riwaya ya How I Live Now, tuseme Ninavyoishi Sasa, ya Meg Rosoff, iliyotoka mwaka 2004. Rosoff ni Mmarekani mzaliwa wa Boston aliyehamia London, akafanya kazi kwenye matangazo ya biashara, na hiyo ndiyo riwaya yake ya kwanza. Mwaka huo huo ilipata tuzo ya gazeti la Guardian ya vitabu vya watoto, na mwaka 2005 ikapata tuzo ya Michael L. Printz kule Marekani. Mwandishi mwenyewe alipewa tuzo ya kumbukumbu ya Astrid Lindgren mwaka 2016. Kwa hiyo si kitabu kilichojificha. Ila mara nyingi naona kinasifiwa kama hadithi ya mapenzi tu, na mimi nadhani ni kitabu cha historia kuliko kinavyoonekana.

Kwa ambao hawajakisoma, kwa kifupi ni hivi. Daisy ana miaka 15, anaishi New York. Mama yake alifariki wakati wa kumzaa. Baba ameoa mke mwingine, mke ana mimba, na Daisy amegoma kula. Si mgomo wa siku mbili, ni maradhi yenyewe ya kujinyima chakula. Anapelekwa Uingereza kwa mama yake mkubwa, Aunt Penn, anayeishi shambani na watoto wanne: Osbert, mapacha Edmond na Isaac, na binti mdogo Piper mwenye miaka 9. Edmond, ambaye ana miaka 14, ndiye anayempokea uwanja wa ndege, sigara mdomoni, na kumwendesha hadi nyumbani kwa jeep. Siku chache baadaye mama mkubwa anasafiri kwenda Oslo kwa mambo ya amani. Mabomu yanalipuka London, mipaka inafungwa, na watoto watano wanabaki peke yao kwenye nyumba kubwa shambani.

Daisy na Edmond wanapendana. Kisha jeshi linachukua nyumba, wavulana wanapelekwa huku na wasichana kule, na sehemu kubwa ya kitabu ni Daisy na Piper wakijaribu kurudi.

Sasa vita vyenyewe. Havijatokea, wala mwandishi hasemi ni mwaka gani, lakini ukitazama vizuri kila kipande chake kimeokotwa kutoka kwenye vita au balaa la kweli.

Chukua watoto waliotenganishwa. Tarehe 1 Septemba 1939, siku ambayo Ujerumani iliivamia Poland, Uingereza ilianza kuhamisha watoto wake kutoka mijini kwenda mashambani. Katika siku 3 walihamishwa watu takribani milioni 1.5, zaidi ya 800,000 kati yao wakiwa wanafunzi. Kila mtoto alikuwa na kibandiko cha jina kifuani na barakoa ya gesi kwenye kiboksi. Wakifika vijijini walipangwa kwenye kumbi, wenyeji wakapita wakichagua: huyu nitamchukua, yule hapana. Walikuwepo ndugu waliotenganishwa hapo hapo. Na mabomu hayakuja mara moja kama ilivyohofiwa, hivyo kufika Januari 1940 karibu nusu ya waliohamishwa walikuwa wamesharudi kwao. Mabomu yenyewe yalianza kumwagika London Septemba 1940. Serikali iliuita mpango huo Operation Pied Piper, jina la mpiga filimbi wa hadithi za kale ambaye aliwaondoa watoto wa mji mzima wasirudi tena. Hivi nani alikaa mezani akaona hilo ni jina zuri la kuwapa moyo wazazi?

Chukua nchi kukaliwa na adui. Waingereza wengi husema kwao hakujakaliwa, lakini Visiwa vya Channel, yaani Jersey, Guernsey na vidogo vinavyovizunguka, vilikaliwa na Wajerumani kuanzia mwishoni mwa Juni 1940 hadi Mei 1945. Baada ya majeshi ya washirika kutua Normandy mwaka 1944, visiwa vile vilikatwa na bara, na mwenyeji na mkaliaji wote wakalala njaa. Watu walikunywa chai ya majani ya vichakani. Meli ya Vega ya Msalaba Mwekundu ilifika na vifurushi vya chakula mwisho wa Desemba 1944. Walikuwepo wasichana wa visiwani waliopendana na askari wa Kijerumani, na baada ya ukombozi wakabandikwa majina ya matusi waliyoishi nayo miaka mingi. Hayo yalitokea kweli, kwenye ardhi iliyo chini ya taji la Uingereza.

Halafu kuna mambo ya karibu zaidi na kitabu. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo uliingia kwenye mifugo ya Uingereza. Wanyama zaidi ya milioni 6 waliuawa, jeshi likaingizwa kusaidia, njia za mashambani zikafungwa, na moshi wa mizoga ikichomwa ukaonekana kwenye televisheni kila jioni. Miaka miwili baadaye, Machi 2003, nchi hiyo ilituma askari zaidi ya 40,000 kwenye vita vya Iraq. Katika riwaya, wavamizi wanangoja hadi jeshi la Uingereza liwe limetawanyika nje ya nchi, ndipo wanaingia. Na Daisy na Piper wanapolifikia shamba walikopelekwa wavulana, wanakuta watu wameuawa na mifugo iliyofungiwa ikifa kwa njaa na kiu. Msomaji wa Kiingereza wa mwaka 2004 hakuhitaji kuambiwa shamba lenye mizoga linafananaje. Alikuwa ameliona kwenye taarifa ya habari.

Ndiyo maana nasema ni historia. Rosoff hakubuni mateso. Aliyachukua yaliyokwisha kuwapata watu, wengine kwa kutendewa na Uingereza yenyewe, akayaleta mlangoni kwa Mwingereza.

Kuhusu mapenzi, kuna jambo ambalo msomaji wa Kiswahili ataliona haraka kuliko msomaji wa Kiingereza. Kwa Kiingereza Daisy na Edmond wanaitwa kwa neno moja linalofunika watoto wa mjomba, wa shangazi, wa mama mdogo, wote sawa. Sisi tunatofautisha. Mama yake Daisy na Aunt Penn walikuwa dada. Mtoto wa mama mkubwa, katika koo nyingi za kwetu, si binamu hata kidogo. Ni ndugu, unamwita kaka. Wapo watu wa pwani ambao kwao watoto wa ndugu kuoana ni jambo la kawaida, na zipo koo za bara ambazo wangeitisha kikao siku hiyo hiyo. Kwa hiyo nilipokuwa nasoma nilikuwa nasubiri mtu mzima atokee aseme neno. Hatokei. Na hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa kilichotokea: vita vimeondoa wazazi, wazee, shule, hata sauti ya jirani. Kitabu hakisemi kwamba hilo ni zuri, wala hakisemi ni baya. Kinaonyesha tu kwamba ulinzi wote uliomzunguka mtoto unaweza kuondoka ndani ya wiki moja, na atakachokishika ni mkono ulio karibu.

Tunalijua hili pia kutoka kwenye shajara ya kweli. Anne Frank alijificha Amsterdam kuanzia Julai 1942 hadi alipokamatwa Agosti 4, 1944. Alikuwa na miaka 14 alipoanza kumpenda Peter van Pels, kijana waliyejificha naye. Shajara yake inaongelea viazi vibovu na inamwongelea Peter, na yote mawili ni maisha yake. Wote wawili walikufa kwenye kambi za Wanazi mwaka 1945. Baba yake, aliyenusurika, alipoichapisha shajara mwaka 1947 aliacha nje baadhi ya sehemu, zikiwemo zinazogusa mwili wa bintiye na ugomvi wake na mama. Namwelewa kabisa mzee yule. Lakini ona jinsi hata pale kijana alipoandika mwenyewe kwa mkono wake, mtu mzima alilazimika kuamua kipi kiingie kwenye historia na kipi kibaki nje.

Njaa ndiyo inayonishika zaidi katika kitabu hiki. Daisy anaingia vitani akiwa tayari hali. Kujinyima kwake kulikuwa silaha dhidi ya baba na mama wa kambo, kitu kimoja alichoweza kukiamua yeye. Kisha chakula kinaisha kweli. Wako msituni, yeye na Piper, siku baada ya siku, wanakula uyoga na matunda ya porini, na Piper wa miaka 9 ndiye anayejua kipi kinalika na kipi kinaua. Hapo Daisy anagundua kwamba anataka kula. Mwandishi hafanyi sherehe. Hakuna hotuba ya kupona. Anakula kwa sababu kuna mtoto wa kumfikisha nyumbani, na mtu asiye na nguvu hawezi kumbeba mtu. Nimesoma vitabu vingi vyenye ushujaa wa bunduki, na sikumbuki kimoja kilichonionyesha ushujaa wa kumeza chakula.

Adui je? Hana jina. Ukiwauliza watu kwenye kitabu, kila mtu ana jibu lake, na Daisy mwenyewe hajali sana. Wapo wanaoona hii ni kasoro, kwamba mwandishi amekwepa siasa. Miaka 11 kabla ya Rosoff, John Marsden wa Australia alifanya hivyo hivyo katika Tomorrow, When the War Began (1993), riwaya ya kwanza kati ya 7, kuhusu vijana waliokwenda kupiga kambi porini na kurudi wakakuta mji wao umetekwa. Yeye naye hakumtaja adui. Tofauti ni kwamba vijana wa Marsden wanapigana, wanalipua madaraja, wanaua na kuteswa na mawazo ya kuua. Vijana wa Rosoff hawapigani kabisa. Yupo kijana mmoja, Joe, anayesimama kwenye lori pale kizuizini na kumtukana askari. Anapigwa risasi. Meja anayeshuka kumsaidia anapigwa naye. Inaisha ndani ya dakika chache, na Daisy na Piper wanaangalia.

Kwangu mimi kutomtaja adui kunafanya kazi. Ukishampa adui jina, msomaji anaanza kuuliza nani alikuwa na haki, na vijana wanarudi nyuma ya pazia. Ukimwondoa, unabaki na maswali madogo ambayo ndiyo makubwa: insulini itatoka wapi, ng'ombe atakamuliwa na nani, Edmond yuko hai?

Kasoro zipo. Edmond na ndugu zake wanaweza kusoma mawazo ya mtu na kusikia wanyama wanawaza nini, na Daisy anamsikia Edmond akiwa mbali. Mara nyingine naona huo ni mkato wa mwandishi, njia ya kuwakutanisha wapenzi bila barua wala simu. Namna ya kuandika pia inachosha kidogo mwanzoni: sentensi ndefu zisizopumua, herufi kubwa mahali usipozitegemea, mazungumzo yasiyo na alama zake. Vumilia. Baadaye utaona kwamba huyo ni msichana anayesimulia asiruhusu kimya kiingie, maana kimya kikiingia atakumbuka.

Filamu yake ilitoka 2013, Saoirse Ronan akiwa Daisy, na iliongozwa na Kevin Macdonald. Jina hilo Afrika Mashariki tunalijua: ndiye aliyeongoza The Last King of Scotland, filamu ya 2006 kuhusu Idi Amin, iliyopigwa Uganda. Nikizitazama filamu hizo mbili pamoja nafikiria Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka, na tarehe 1 Novemba yakatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa. Vita viliendelea hadi Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979, na zaidi ya hapo. Filamu ya Macdonald inatuonyesha ikulu ya Amin. Vitabu vya shule vinatupa sababu za vita, matokeo ya vita, kwa namba za Kirumi. Shangazi yangu alikuwa na miaka 15 wakati ule, upande uliotekwa. Ukimuuliza kuhusu vita haanzi na Amin. Anaanza na sufuria ya maharage aliyoibeba kichwani ikiwa bado ya moto, kisha anakuja kwa mvulana aliyemsaidia mdogo wake kwenye mtumbwi, ambaye hakumwona tena. "Ukiwa na miaka 15," anasema, "hata vita haikuzuii kumwangalia mtu." Maharage na mvulana hao hawamo kwenye kitabu chochote cha historia nilichosoma shuleni.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema vita vya kubuni ni anasa, kwamba dunia ina vita vya kweli vya kutosha. Ni kweli vipo vya kutosha. Lakini vita vya kweli huandikwa na walioshinda, au na walioshindwa wanaotaka kueleweka, na wote wawili wana haraka ya kufika kwenye hukumu. Mwandishi anayebuni hana bendera ya kuitetea. Anaweza kukaa jikoni.

Na anaweza kukaa hata baada ya bunduki kunyamaza, mahali ambapo historia nyingi hufunga daftari. Daisy anatolewa Uingereza na baba yake, anarudishwa New York, anakaa miaka 6. Anaporudi, Piper ameshakuwa msichana mkubwa mwenye mpenzi wake. Isaac yuko hai. Aunt Penn hakurudi kutoka safari ile, alipigwa risasi akijaribu kuwafikia wanawe. Edmond yuko hai, lakini ana makovu na hasemi. Aliona kilichotokea shambani kule, na anaamini Daisy alimwacha. Anachofanya ni kutunza bustani. Daisy hana maneno ya kumponya, basi anashika udongo naye. Anamngoja. Anaamua kubaki kuishi hapo, na mtu anayemngoja si yule mvulana mwenye sigara wa uwanja wa ndege, na yeye mwenyewe si yule msichana aliyegoma kula.

Hicho ndicho kichwa cha kitabu kinachozungumzia. Kunusurika kumo katikati ya kitabu, na baada yake kuna kuishi, tena kila siku, na mtu ambaye vita vimembadilisha. Rosoff ameipa sehemu hiyo kurasa chache, na ningependa angeipa zaidi.

Kisome, kama Kiingereza chako kinaruhusu. Si kirefu, utakimaliza siku mbili. Na kama kwenu kuna mtu aliyekuwa na miaka 14, 15 au 16 wakati wa vita vyovyote, viwe vya Kagera au vingine, muulize alikuwa anakula nini na alikuwa anampenda nani. Muulize mapema, kabla hajachoka kusimulia.